Maiti zetu zisizo na majina: meno yanaweza kutuambia nini?

(Hotuba niliyoitoa mbele ya wanajumuiya wenzangu huku Uingereza. Nimeiacha kama nilivyoisema.)

 

Mwenyekiti aliponipigia simu alitaka nije nizungumzie presha na kisukari, kama inavyokuwa kila anapoalikwa muuguzi. Nikamwambia nitakuja, lakini mara hii niacheni nizungumze jambo ambalo hatulizungumzi hata siku moja, nalo ni vipi mtu aliyekufa bila kujulikana hupatiwa jina lake, na khasa vipi hupatiwa jina kwa kutazamwa meno. Akaniuliza, "Dada, hayo si mambo ya polisi?" Ni ya polisi, kweli. Lakini kabla ya polisi ni ya mama wa yule maiti, mke wake na watoto wake. Na kwa nchi zetu ni ya siasa pia, mtaona kwa nini.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari wa meno. Ni muuguzi. Mgonjwa akifariki mikononi mwetu, kazi yetu ya mwisho ni kumsafisha, kumfunga kibandiko cha jina, na kama ana meno ya bandia tunayaosha na kumrudishia mdomoni au tunayatia katika chombo chenye jina lake, tunaandika na kutia saini. Kitu kidogo kama hicho kina karatasi yake. Kutoka hapo ndipo nilipoanza kusoma habari hizi, na kila nilipokuwa nikisoma akili yangu ilikuwa ikirudi kwetu.

Tuanze na jino lenyewe. Gamba lake la nje, enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Karibu asilimia 96 yake ni madini matupu. Mtu akiungua, midomo hujikunja na meno ya mbele hupata moto kwanza, lakini magego yamekaa nyuma, yamehifadhiwa na mashavu na ulimi, na mara nyingi hubakia. Mtu akikaa majini siku kadhaa, na maji yetu ni ya moto, uso huvimba hata mama mzazi asiujue, na ngozi ya vidole huvuka kama glavu. Naomba radhi kwa wenye majeraha, lakini lazima niseme kama ilivyo. Meno ya mbele yenye mzizi mmoja yanaweza kulegea na kudondoka, lakini tundu la mzizi hubaki kwenye taya. Magego hayaondoki kwa urahisi. Na ndani ya jino, katika kile kiini laini, vinasaba hujificha hata pale ambapo nyama yote imeshakwisha.

Sasa ugumu peke yake hautoi jina. Jiwe pia ni gumu. Kinachotoa jina ni kwamba mtu mzima ana meno 32, kila jino lina pande tano, na maisha yanaandika juu yake. Huyu amezibwa gego la chini kushoto. Yule ameng'olewa mawili utotoni. Huyu ana mwanya, mwengine jino limepanda juu ya mwenzake, mwengine chonge limevunjika alipoanguka na baiskeli. Kila jino lina namba ya tarakimu mbili inayotumiwa na nchi nyingi na na Interpol, kwa hivyo daktari akiandika 36, mwenzake wa nchi nyengine anajua kuwa ni gego la kwanza la chini kushoto.

Kutambua kwenyewe ni kulinganisha. Upande mmoja unaweka alichoandika daktari wa meno mtu alipokuwa hai, pamoja na picha za eksirei kama zipo. Upande wa pili unaweka kinachoonekana kwa maiti. Interpol wana fomu za rangi mbili kwa kazi hii, ya njano kwa habari za uhai na ya waridi kwa habari za maiti. Na mantiki yake ni nzuri, hata mtoto wa skuli anaielewa: mambo ya meno yanakwenda njia moja. Jino lililokuwepo mwaka 2015 linaweza kukosekana leo, maana huenda liling'olewa baadaye. Lakini jino lililong'olewa mwaka 2015 haliwezi kuwepo leo. Tundu dogo lililozibwa linaweza kuwa kubwa, haliwezi kuwa zima. Kwa hivyo tofauti zipo zinazoelezeka na zipo zisizoelezeka, na ikitokea moja tu isiyoelezeka, basi maiti huyo siye unayemtafuta, hata kama shati ni lake.

Shati nimelitaja makusudi. Sisi tunatambua kwa shati, kwa saa, kwa kutazama uso na kulia. Baada ya mabomu ya Bali mwaka 2002, baadhi ya familia zilichukua maiti kwa kuwatazama usoni, ikaja kuonekana kwamba waliowachukua si wao. Si kwa ujinga. Mtu aliye katika msiba anataka kumaliza, na macho yake humpa anachokitaka. Ndiyo maana leo Interpol wanategemea vitu vitatu kama nguzo, yaani alama za vidole, meno na vinasaba. Uso, nguo na pete ni vya kusaidia tu.

Nirudi nyuma kidogo kwenye historia, maana ndani yake kuna jambo linalotuhusu. Tarehe 4 Mei 1897, mjini Paris, kulikuwa na mnada wa hisani uliojulikana kwa jina la Bazar de la Charité. Moto ukaanzia kwenye mashine ya kuonyeshea sinema, na kwa muda mfupi tu watu wapatao 126 wakafa, wengi wao wanawake wa tabaka la juu. Familia zikatambua kwa pete na mikufu. Wakabaki takriban 30 ambao hakuna pete wala kitambaa kilichosaidia. Hapo balozi mdogo wa Paraguay akatoa shauri kwamba waitwe madaktari wa meno waliokuwa wakiwatibu. Wakaja na madaftari yao, na ndivyo alivyopatikana Duchess wa Alençon, mdogo wake Elisabeth malkia wa Austria. Mwaka uliofuata, daktari wa meno kutoka Cuba aliyekuwa akifanya kazi Paris, Oscar Amoëdo, akaandika kitabu kizima juu ya meno katika uchunguzi wa vifo, na wengi humhesabu kuwa ndiye baba wa taaluma hii.

Nawaomba mlishike neno daftari. Waliopata majina yao siku ile walikuwa mabibi wenye daktari wao wa meno. Mtumishi wa ndani wa bibi huyohuyo alikuwa na meno magumu vilevile, lakini nani aliyeyaandika?

Miaka 107 baadaye, tarehe 26 Disemba 2004, ikaja tsunami. Thailand peke yake walikufa zaidi ya watu 5,000, karibu nusu yao wageni. Sweden ilipoteza watu 543. Mafaili ya meno na eksirei yakatumwa kutoka Ulaya, na katika miezi ya mwanzo meno ndiyo yaliyotoa majina mengi kuliko vidole na kuliko vinasaba. Lakini yalitoa majina ya nani? Ya watu waliokuwa na mafaili. Wathai wengi hawakuwa nayo, wakasubiri, na wao walikuja kusaidiwa zaidi na alama za vidole za vitambulisho vyao vya taifa na vinasaba vya jamaa zao. Wa mwisho kabisa walikuwa vibarua kutoka Burma. Hawakuwa na faili la meno wala kitambulisho cha Thailand, na jamaa zao waliosalimika wengi waliogopa kujitokeza mbele ya polisi kwa sababu hawakuwa na karatasi. Hapa ukumbini sitauliza nani ana karatasi na nani hana. Lakini kila mmoja wetu anamjua mtu ambaye akipotea leo, jamaa yake hatathubutu kwenda kituoni kuripoti.

Sasa twende nyumbani.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Walikufa watu zaidi ya 800, na wengi wamelala Igoma katika makaburi ya pamoja. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikazama MV Spice Islander, Nungwi, ikielekea Pemba, imejaa watu waliokuwa wakirudi baada ya Sikukuu. Maiti zilizopatikana zilikuwa kama 200. Waliotajwa baadaye kuwa hawajaonekana ni zaidi ya elfu moja. Wengi humu mnaijua Maisara ya siku zile, yale mahema, na watu wanapita safu kwa safu wakifunua nyuso. Mwaka 2018 ikaja MV Nyerere kule Ukara. Mwaka 2019 lori la mafuta likawaka Morogoro, Msamvu, wakafa zaidi ya watu 100, na wengine ikabidi zichukuliwe sampuli za vinasaba kwa sababu hakukuwa na uso wa kutazama. Na Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, zikafukuliwa maiti zaidi ya 400. Familia za kwanza zilikabidhiwa watu wao Machi 2024, baada ya kusubiri karibu mwaka mzima, tena walikuwa wachache tu.

Wekeni pembeni ya hayo jambo jengine. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianguka. Walikufa watu wote 157, wakiwemo Wakenya 32. Iliingia ardhini kwa kasi ambayo haikuacha maiti mzima hata mmoja. Interpol wakapeleka wataalamu, mafaili yakakusanywa kutoka nchi zaidi ya 30, na mwezi Septemba mwaka huohuo ikatangazwa kuwa wote 157 wametambuliwa. Wote, Mwenyekiti.

Siwaonei gere waliokufa ndegeni, Mungu awarehemu. Lakini abiria wa ndege alikuwa na tiketi yenye jina, pasi yenye picha, na daktari wa meno. Abiria wa meli ya Pemba alilipa nauli bandarini, mtoto amempakata, na jina lake hakuna aliyeliandika. Wakati mwengine tunazozana humu kuhusu idadi ya waliokufa, serikali inasema hivi na wananchi wanasema vile. Idadi inabishaniwa kwa sababu majina hayakuwepo. Ukiwa na majina huna haja ya kubishana.

Kuna mama mmoja wa kijijini kwetu Pemba. Mumewe alitoka na boti kwenda kuvua, hakurudi. Wiki tatu baadaye ikaonekana maiti ufukweni, mbali sana na kwetu, na watu wema wa kijiji kile wakaisitiri siku ileile, wakamwosha kwa kadiri walivyoweza, wakamzika. Khabari zilipomfikia kaburi lilikuwa limeshakauka. Mume yule alikuwa na jino la dhahabu, la juu, kushoto, alilitia alipokuwa Mombasa ujanani na mtaa mzima ulikuwa ukimtania nalo. Hakuna aliyetazama mdomo wa maiti yule kabla ya kumfunika. Hakuna aliyekatazwa kutazama, ila hakuna aliyejua kwamba ni jambo la kutazamwa.

Mama yule akae eda au asikae? Atakaa miezi minne na siku kumi kuanzia siku gani? Mashekhe wanajua masuala ya mtu aliyepotea yalivyo mazito, na wanazuoni wametofautiana, wapo waliosema asubiri miaka minne. Mirathi nayo inasimama, na kiwanja kina jina la mtu ambaye hakuna cheti cha kifo chake. Hapa Uingereza ipo sheria ya mwaka 2013 inayomruhusu mtu kwenda mahakamani baada ya miaka saba, na Kenya pia sheria inazungumzia miaka saba. Miaka saba, mtoto aliyeachwa tumboni ameshaanza skuli.

Najua wazee wataniuliza juu ya dini. Je, tutamchelewesha maiti? Tutamkata? Kutazama meno hakuhitaji kisu. Unafungua mdomo, unaandika lipi lipo na lipi halipo, lipi limezibwa, lipi la dhahabu, unapiga picha kwa mbele, kushoto, kulia, juu na chini. Aliyezoea atamaliza kwa nusu saa. Mwili ukiwa umekakamaa unasubiri ulainike au unaandika unachokiona. Eksirei ikipatikana ni bora zaidi. Kisha mzikeni, maghrib haijaingia. Kaburi lipewe namba, na namba ile iwe ndiyo ya picha zile. Akija mama yule baada ya mwezi au baada ya miaka mitano, kuna kitu cha kumwonyesha bila kumfukua mtu.

Wengine watasema siku hizi kuna vidole na kuna DNA, meno ya nini? Vidole ni vizuri sana, na watu wazima wengi Tanzania sasa wamechukuliwa alama zao kwa ajili ya kitambulisho cha taifa. Lakini watoto hawamo, na vidole ndivyo vinavyoharibika mapema kwenye maji na moto. DNA nayo ni nzuri, ila inataka maabara, fedha na muda, na inataka jamaa wa kulinganishwa naye. Katika zile meli walikufa mama, baba na watoto pamoja. Unamlinganisha nani na nani? Meno hayataki mashine. Yanataka kalamu na mtu aliyefundishwa, na yanataka kwamba yule mtu aliwahi kuandikwa alipokuwa hai. Hapo ndipo penye tabu yetu. Wengi wetu tukiwa nyumbani tulikwenda kwa daktari wa meno siku jino liliposhindikana, likang'olewa, tukapewa dawa ya maumivu na kijikaratasi kilichopotea kabla hatujafika kituo cha daladala. Daktari alijua kila kitu cha mdomo wangu kwa dakika kumi, kisha elimu ile ikafutika.

Na midomo yetu ina mengi ya kuandika. Watu wa Arusha, Meru na sehemu za Kilimanjaro wengi wana meno ya rangi ya kahawia kwa sababu ya madini ya floraidi kwenye maji, na hilo haliwezi kukupa jina la mtu lakini linaweza kukuambia alikulia wapi. Kwa Wamasai na Wajaluo ilikuwa desturi kung'oa meno ya chini ya mbele. Kuna watu wazima leo wasio na chonge kwa sababu wakiwa wachanga walipata homa na kuhara, wakaambiwa wana "meno ya plastiki", akaja mtu na kitu chenye ncha akawachokoa ufizi. (Ni ukatili, na bado unafanyika, ila hiyo ni hotuba nyengine.) Mwanya tunausifu kwenye nyimbo, lakini kwenye faili la polisi la mtu aliyepotea hakuna anayeutaja. Wanaandika "mrefu wa wastani, maji ya kunde". Nusu ya nchi ni warefu wa wastani na maji ya kunde.

Nisiyapambe meno kupita kiasi, maana kuna mambo mawili ambayo watu huyasingizia. La kwanza ni alama za kung'ata. Marekani kuna watu walifungwa kwa sababu mtaalamu alisimama mahakamani akasema alama kwenye ngozi ya marehemu zinalingana na meno ya mshtakiwa. Ray Krone wa Arizona alihukumiwa mwaka 1992 kwa njia hiyo, akapewa adhabu ya kifo, na mwaka 2002 vinasaba vikaonyesha kuwa si yeye. Ngozi inavutika na kuvimba, haihifadhi alama kama nta. Kulinganisha taya na faili la meno ni kitu kimoja, kulinganisha jeraha na meno ni kitu chengine kabisa.

La pili linatugusa hapa hapa. Ni umri. Kwa mtoto mdogo meno yanaonyesha umri vizuri, maana yanaota kwa mpangilio. Lakini kati ya miaka 15 na 22 lililobaki ni gego la mwisho tu, na gego hilo halina adabu: kwa mwengine linakuja mapema, kwa mwengine linachelewa, mwengine halioti maisha yake yote. Utafiti umeonyesha pia kwamba kwa Waafrika wengi hukomaa mapema kuliko kwa Wazungu. Sasa Uingereza imepitisha sheria mwaka 2022, na kanuni za mwaka 2024, zinazoruhusu eksirei ya meno itumike kukadiria umri wa kijana anayeomba hifadhi. Chama cha madaktari wa meno cha hapa kimepinga. Kijana wetu wa miaka 16 aliyewahi kuota gego anaweza kuambiwa ni mtu mzima na kulazwa na watu wazima. Akitokea mtu akawaletea barua ya namna hiyo kuhusu kijana wenu, msitie saini kabla ya kumwona mwanasheria. Jino lilelile linaloweza kumrudishia maiti jina lake linaweza kumnyima aliye hai utoto wake, inategemea nani anauliza na anauliza nini.

Wale wanaokufa baharini wakija huku nao tusiwasahau. Ndugu zetu Wangazija wanajua bahari ya Nzuwani na Mayotte imewameza wangapi tangu viza ilipowekwa mwaka 1995. Katika Mediterania, tarehe 3 Oktoba 2013, walizama zaidi ya watu 360 karibu na Lampedusa, wengi wao Waeritrea. Daktari mmoja wa Milano, Cristina Cattaneo, na wenzake, waliamua kuwatafutia majina. Hakukuwa na mafaili ya meno. Wakatumia walichonacho: familia zilileta picha, na katika picha ambazo marehemu alikuwa akicheka, meno yalionekana. Mwanya, jino lililopinda, jino lililovunjika pembeni. Picha ya harusi ikawa ndiyo faili. Baadaye walifanya hivyohivyo kwa jahazi la Aprili 2015 ambalo Italia ililitoa chini ya bahari mwaka 2016 na ndani mkiwa na mamia ya watu. Walijaribu, na wapo mama waliopata jibu.

Kwa hivyo siombi nchi zetu zinunue mitambo. Naomba wabunge na wawakilishi wetu, tunaowaalika hapa na kuwapikia biriani, tuwaulize maswali manne ya kawaida. Je, kila maiti asiyejulikana anapigwa picha ya meno kabla ya kuzikwa, na picha inakaa wapi? Je, kliniki ya meno ya wilaya inabaki na nakala ya chati ya mgonjwa, au inampa mgonjwa aende nayo? Je, orodha ya abiria wa boti na meli ni ya kweli, na watoto wamo? Na mtu aliyepotewa na jamaa yake aende ofisi gani moja, asizungushwe? Wakijibu "tunalifanyia kazi", tuulize tena mwaka ujao kwa maneno yaleyale.

Na sisi wenyewe tunayo ya kufanya bila ya waziri. Hapa una haki ya kuomba nakala ya faili lako la meno, iombe. Kama umehama mji, andika jina la daktari wa zamani. Mkienda nyumbani, wapigeni wazee picha wakicheka. Najua wazee wetu hawacheki kwenye picha, wanakaza uso kama wanapigwa picha ya pasi, wachekesheni. Meno ya bandia ya zamani ya bibi msiyatupe. Na mtu akipotea, mnapokwenda kutoa taarifa, semeni habari za meno bila kusubiri kuulizwa.

Nimechapisha karatasi, ziko kwenye meza pale karibu na birika la chai. Upande mmoja kuna mchoro wa meno 32 na namba zake, unatia alama lililong'olewa, lililozibwa na la dhahabu. Upande wa pili kuna nafasi ya jina la daktari wa meno na mahali picha zilipo. Kila mtu achukue yake na za watu wake wa nyumbani, mtawasaidia kujaza kwa simu. Zikiisha mwambieni Mwenyekiti, nitachapisha nyengine. Sasa nakaribisha maswali, naona mzee wetu pale mbele ameshanyanyua mkono tangu nilipotaja eda.